Shati la Bwana Pasi

Kaka yangu wa tumbo moja,

Hapo simu ilipokatika nilikuwa katika kusimulia nimeshapanda kizimbani, wakili ananizunguka kama nzi wa buchani, na wewe unapiga kelele nani amekufa, nani amekufa, utadhani sikukueleza nusu saa nzima. Basi sikupiga tena. Simu na sikio lako la kushoto haviivi chungu kimoja. Nimemwita jirani yangu, mpiga chapa mstaafu, nimemwambia njoo na kalamu, andika ninavyosema, usininyooshee maneno, maneno yangu si shuka. Anacheka huyo. Andika na hilo, kwamba unacheka.

Lakini salamu kwanza, tusije tukaonekana tumelelewa na paka. Hujambo kaka? Mgongo je? Wifi yangu na presha yake wanaendeleaje, au bado anakula chumvi kwa kujificha? Mwambie nimejua, na aliyeniambia ni wewe. Sisi huku wazima. Magoti yangu yanaamka kabla yangu na kulalamika kabla yangu, ila mikono bado mikono. Kufua nafua, kupiga pasi napiga.

Sasa naanza mwanzo, maana ukisimuliwa vipandevipande utakwenda kuwapa wenzako kichwa cha mbuzi kwenye kiwiliwili cha ng'ombe.

Aliyekufa ni mlinzi wa ghala, lile ghala la nondo na saruji nyuma ya soko. Mrefu, mpole, anaongea kama anaomba radhi. Kila Jumatatu alikuwa ananiletea sare zake, anaziweka juu ya benchi, ananiambia mama dobi, nitoe mtu. Mkewe anasema hata kuku alikuwa hawezi kumchinja, anamshika yule kuku, wanaangaliana, anamwachia. Basi siku hiyo asubuhi wafanyakazi wanafika kazini wanamkuta amekaa kwenye kiti chake pale mlangoni, bunduki yake mapajani, risasi moja ya kifua. Askari wa kwanza kufika akatazama mara moja tu akasema huyu kajiua. Neno kama hilo, kaka, likishatoka mbele ya watu halirudi tena mdomoni. Kabla ya adhuhuri soko zima linalo. Watu waliokuwa wanakopeshana sukari na mkewe wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Watoto wake shuleni wakaulizwa kama na wao wanajua kulenga. Yule mwanamke alikuja kwangu kuchukua sare mbili za marehemu zilizobaki, akazikumbatia, akaniambia mama, mimi kufiwa naweza, ila hili la kwamba alituacha kwa kupenda silimezi. Hilo lishike, kaka. Haya yote ninayokueleza ni kwa ajili ya hilo.

Ndipo alipoingia mpwa wako.

Ndiyo, huyo huyo. Yule mwanangu uliyesema mtoto wa kike na maiti wapi na wapi, ataolewa na nani, na jeneza? Nakukumbusha kwa mapenzi tu, sina kinyongo, nimekisamehe mara nne. Sasa ni mtaalamu wa risasi kwenye maabara ya polisi, ana koti jeupe na jina lake limeshonwa kifuani. Nililishona mimi mwaka alioajiriwa, kwa kufuata alama alizonichorea, maana kusoma sijui lakini mshono naujua. Na kabla hujaniuliza, nyumbani hasemi kitu cha kazini. Ukimchokoza anakupa habari za hali ya hewa. Haya ninayokwambia yalisemwa mahakamani, mbele ya kadamnasi, na mimi nikiwa nimekaa benchi la mbele na kanga yangu mpya.

Akafika pale ghalani na mkoba wake. Hakugusa kitu. Alikizunguka kile kiti kama mtu anayechagua fenicha. Alipiga picha, alipima kwa futi, alichora. Halafu kila kitu ndani ya mfuko wa karatasi, si nailoni. Nailoni inafungia unyevu, nguo inaoza, ushahidi unaoza. Hapo nilitaka kusimama mahakamani niseme hilo la nailoni amelitoa kwangu. Nani asiyejua nguo haifungwi nailoni ikiwa mbichi? Lakini nilijizuia.

Alichokiona ni tundu. Kwenye koti la mlinzi, tundu la risasi lilikuwa safi. Mtu akijipiga, alisema, mdomo wa bunduki unakuwa karibu na kifua, na bunduki ikilia haitoi risasi peke yake, inatema moto na masizi ya baruti. Nguo lazima ichafuke. Koti lile halikuwa na hata doa la kusingizia.

Mkuu wake alikuwa ameshaandika kajiua, kilichobaki ni muhuri. Akamwambia mpwa wako funga faili mama, ghala ni la watu wakubwa, na marehemu harudi. Mpwa wako akamwomba wiki moja. Mkuu akacheka, akamwambia chukua, ila wiki ikiisha mikono mitupu utakwenda kupanga mafaili ya wizi wa baiskeli mpaka ustaafu. Kwa hiyo, kaka, si mjane peke yake aliyekuwa anangoja jibu.

Jioni hiyo akaja kwangu na swali moja tu. Mama, una sare kuukuu ya walinzi wa kampuni ile? Sikuuliza ya nini. Ninazo, nguo zilizosahauliwa na wenyewe naziweka kwenye sanduku, sijawahi kuuza nguo ya mtu hata iwe tambara. Nikamtolea koti moja, kitambaa kile kile. Akataka kulikata vipande. Nikamwambia ngoja kwanza, koti la marehemu nilikuwa nalitia wanga, alipenda likae wima kama mlango, na kitambaa chenye wanga hakishiki uchafu sawa na kisicho na wanga. Ukitaka kulinganisha, linganisha ndugu na ndugu. Kaka, yule mtoto alinitazama kama vile anaambiwa kwa mara ya kwanza kwamba ana mama. Akatoa daftari akaandika. Mimi, nisiyejua hata alif kwa kijiti, nimeandikwa kwenye daftari la polisi, na si kwa wizi!

Nikafua, nikatia wanga ule ule, nikapiga pasi, nikamkatia vipande kumi na viwili. Wakaenda navyo kwenye uwanja wao wa shabaha na bunduki ile ile na risasi za aina ile ile. Siku ya kesi akaomba kamba ifungwe mle mahakamani, akavianika vipande vyangu kwa vibanio, kutoka ukuta mpaka ukuta. Nakwambia nilijiona kama niko uani kwangu. Akaeleza, kimoja kimoja. Bunduki ikiwa shubiri moja kutoka kwenye nguo, kitambaa cheusi kama tako la sufuria. Mkono mmoja, madoadoa kama pilipili manga. Mpaka ufike hatua tatu ndipo unapata tundu safi kama la koti la mlinzi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, kama kuna mtu mle ndani mwenye mkono wa hatua tatu. Nasikia watu waligeuka kutazamana mikono! Hata jaji alijitazama.

Basi mlinzi alipigwa na mtu, na mtu huyo akamwekea bunduki mapajani. Nani?

Hapa naingia mimi, na hapa jirani yangu anaanza kuandika polepole kwa sababu anaijua sehemu hii.

Msimamizi wa ghala lile ni mteja wangu wa miaka. Mimi namwita Bwana Pasi, kwa kuwa mikunjo ya suruali yake ungeweza kukatia vitunguu. Mtu wa kunukia. Haleti nguo mwenyewe, hutuma. Lakini asubuhi ile alikuja kwa miguu yake, jiko langu hata halijashika moto, na shati moja jeupe kwenye mfuko. Akasema mama, lifue sasa hivi, nina mkutano. Nikamwambia acha, utalikuta mchana. Akasema atangoja. Akakaa kwenye benchi langu, kaka, Bwana Pasi, kwenye benchi ambalo kuku hulalia, akanitazama mpaka nikamaliza. Sikuwaza kitu. Habari za mlinzi zilikuwa bado hazijatufikia.

Siku ya tatu tunakula, nikasema kwa utani tu, siku hizi hata Bwana Pasi anajua benchi langu lina kucha za kuku. Mpwa wako akaweka kijiko chini. Akaniuliza siku gani. Nikamtajia. Akainuka, akaniambia mama, usiniambie neno lingine hata moja. Kesho nenda kituoni, mwambie mpelelezi, si mimi. Na kuanzia dakika hiyo hakugusa chochote cha shati lile. Akamwandikia mkuu wake kwamba limepita mikononi mwa mama yake mzazi, lipimwe na wengine. Walipolikuta kabatini kwa Bwana Pasi, limekunjwa, limenyooka, na alama yangu ya uzi kwenye pindo la chini, likapelekwa maabara ya mji mwingine kabisa. Huko wakafumua mkono wa shati, pale kwenye kifungo ambapo kitambaa hukunjwa mara mbili. Nje hapana kitu. Ndani ya mshono, damu. Damu ya mlinzi. Alipoinama kumwekea bunduki mapajani ndipo alipojipaka.

Na sababu yenyewe ilikuwa nondo. Zilikuwa zinatoka usiku bila karatasi, mlinzi kakataa kufungua geti, kasema atasema.

Sasa twende kizimbani, pale simu ilipokatika.

Wakili wa Bwana Pasi ana sauti ya asali, kaka. Ukimsikia unataka umkaribishe chai. Akanisalimia shikamoo. Akaniuliza nimefua miaka mingapi. Nikasema arobaini na kitu, tangu maji ya bomba hayajafika mtaani. Akaniuliza kama nafua aproni za muuza nyama. Nikasema nafua, tena zina pipa lake, na isitoshe maabara wamesema damu ni ya mtu, labda kama buchani kwenu mnauza watu. Watu wakacheka, jaji akagonga meza. Wakili akacheka na yeye. Hapo ndipo nilipomwogopa.

Akaniuliza damu kwenye nguo hufuliwa kwa maji gani. Hata mtoto anajua hilo, nikajibu ya baridi. Ukiitia maji ya moto unaipika, inashikana na uzi, haitoki mpaka kiama. Akaniuliza shati hili ulilifua kwa maji gani. Nikasema ya moto. Nililichemsha.

Akamgeukia jaji na asali yake yote. Akasema Mheshimiwa, huyu mama ni dobi wa miaka arobaini. Anajua kwamba maji ya moto huifungia damu ndani ya nguo. Akachemsha. Ama si dobi, na sote tumemsikia kuwa ni dobi hodari, ama alitaka damu ibaki. Na kama alitaka ibaki, basi yeye na bintiye, huyu mtaalamu aliyekuwa anahitaji ushahidi ili kuokoa kazi yake, waliipanga hii pamoja. Nani ajuaye damu hiyo iliingiaje? Akanigeukia tena. Mama, uliiona damu au hukuiona?

Kaka, nimezaa mara tatu na sijawahi kubanwa namna ile. Nikisema niliiona, nimesema uongo juu ya kiapo, na nimemfunga mwanangu kamba shingoni. Mjane yuko nyuma yangu, namsikia anavuta pumzi kwa vipande. Kilichobaki ni kweli tupu, na hiyo kweli nilikuwa nimeificha mwaka na miezi, kwa kila mtu, na kwako pia.

Nikasema Mheshimiwa Jaji, sikuiona. Sioni.

Ndiyo, kaka. Macho yangu yamekwisha. Yalianza kama ukungu wa jikoni, nikasema ni moshi. Halafu kila cheupe kikawa rangi ya chai ya maziwa. Doa la damu iliyokauka kwenye shati jeupe kwangu ni chai juu ya chai. Nikalifua kama ninavyofua jeupe lolote, nikalichemsha: la nje likatoka kwa kusugua, la ndani ya mshono likapikwa. Ningeliona, ningelitia maji ya baridi na chumvi, na lingetoka lote, kwa sababu mimi ni hodari, na yule muuaji leo angekuwa ananukia mtaani.

Wakili hakuniamini. Akasema mama anawezaje kufua na kupiga pasi bila macho. Nikamwambia nipe nguo yoyote. Akatoa leso yake mfukoni, akanipa. Akaniuliza rangi gani. Nikasema rangi sijui. Lakini ni pamba iliyochanganywa na nailoni, imefuliwa kwa sabuni nyingi haikusuuzwa vizuri, ndiyo maana inakwaruza, ilianikwa juu ya ua wa miba, hapa pana uzi uliovutwa, na aliyekupigia pasi ana hasira na wewe, kaunguza pembe kisha akaikunja ndani usione. Akaikunjua. Kaka, pembe imeungua! Jaji aligonga meza mara tatu kabla watu hawajanyamaza, na nasikia na yeye mwenyewe alikuwa amejifunika mdomo kwa faili. Nasikia, maana kuona ndiyo hivyo.

Akaamuru daktari wa macho anipime siku ile ile. Daktari akaja akasema mbele ya wote, mtoto wa jicho, macho yote mawili, na ni wa muda mrefu, huyu mama hawezi kuliona doa dogo kwenye nguo. Wakili akakaa. Hakusimama tena mpaka siku ya hukumu.

Siku hiyo jaji alisoma asubuhi nzima, Kiswahili cha kisheria hicho, mimi nikashika matatu tu. Bwana Pasi ana hatia. Ushahidi wa mtaalamu ni wa kuaminika, tena kazi yake ni ya mfano. Na la tatu alilisoma taratibu, akitazama kule alikokaa mjane, jirani yangu aliniambia hivyo: marehemu hakujiua, alikufa akilinda. Yule mwanamke akasimama bila kuambiwa. Akawashika wanawe mkono huyu na huyu, akasema haya, mmesikia, na kesho mwende shule. Hakulia. Sisi wengine ndio tuliolia.

Na yule mkuu wa faili akampa mpwa wako mkono mbele ya watu. Mpwa wako akampa mkono, kisha, nasikia, akamkumbusha ule muhuri. Huyo ni wangu mimi, kaka! Kasomeshwa kwa beseni hizi!

Lakini jioni yake alinilia. Si kwa furaha. Akasema mimi natafuta doa lisiloonekana kwenye nguo za watu, na mama yangu amepofuka mezani kwangu sikuona. Nikamwambia ungeonaje na mimi dobi wa kuficha madoa? Niliogopa mtaninyang'anya pasi. Mtu akininyang'anya pasi nitabaki nani? Kikongwe wa kukaa kibarazani anahesabu mbuzi wa watu. Heri kuungua vidole.

Na wewe nikuombe radhi. Ile picha ya kitukuu wetu uliyonitumia, nikakwambia kachukua pua ya marehemu baba. Kaka, sikuona pua. Sikuona hata mtoto. Niliona chai. Nilisifu tu kwa kuwa ni wako.

Usihuzunike kusoma hayo, mimi sihuzuniki. Wateja hawajanikimbia. Nilidhani watasema dobi kipofu, kumbe wanaleta nguo mpaka za wiki ijayo, na kila mmoja ananipa leso yake nimwambie mambo ya mkewe. Naambiwa nitaharibu ndoa za watu.

Sasa unisalimie watu wako. Wifi yangu, mwambie chumvi aache. Wajukuu wote, yule mkorofi kwanza. Msalimie na yule rafiki yako anayekoroma mkiwa mnaongea, na

Ngoja. Anaita. Mpwa wako huyo, yuko mlangoni, anasema mama twende, daktari anaanza na jicho la kulia na tumechelewa. Namwambia subiri namalizia salamu. Anasema salamu hazina foleni, hospitali inayo. Mdomo huo kautoa kwako.

Naogopa kidogo, kaka, usimwambie mtu. Wanasema ni kisu kidogo. Kisu ni kisu.

Jirani, andika ni mimi dada yako, dobi, unikunjie, ubandike. Kanga yangu iko wapi? Hii? Nakuja, mama, nakuja, nishike mkono hapo kwenye ngazi.